Prado ya 1KZ imekufa injini: utengeneze, ununue injini nyingine, au uuze ilivyo?

Mtu akifiwa na injini ya Prado, swali lake la kwanza huwa ni injini nyingine bei gani. Swali hilo lina wakati wake, lakini si huo. "Injini imekufa" ni maneno yanayofunika vifo vingi tofauti: hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imepasuka, gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku) imeungua, mkanda wa taimingi umekatika, beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) zimelika, pistoni imetoboka. Vyote vinamwacha mtu kando ya barabara na boneti juu. Ila kimoja kinamalizwa bila kushusha injini, na kingine kinameza thamani yote ya gari.

Hapa nazungumzia Prado za J90, za mwaka 1996 hadi 2002, zenye dizeli ya 1KZ-TE: silinda nne, lita tatu, turbo. Hilux Surf nyingi za miaka hiyo zina injini hiyohiyo. Mwenye Pajero au Terrano kuukuu naye ataokota mengi, kwa sababu namna ya kuamua ni moja.

Hasara kubwa mara nyingi huzaliwa katika nusu saa ya mwanzo. Gari limechemsha, limezima, limepoa kidogo, na dereva analipiga stata "tuone kama litafika pale mbele". Ikiwa maji yameingia kwenye silinda, pistoni ikipanda haina pa kuyapeleka, maana maji hayabanwi kama hewa. Stata ya dizeli ina nguvu ya kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Kilichokuwa tatizo la hedi peke yake kimeshuka hadi chini. Wala usimwagie injini inayotokota maji ya baridi: bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na viwili hivyo havisinyai kwa mwendo mmoja. Liache lipoe lenyewe, hata kama ni saa mbili.

Likivutwa, weka transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye N, kwa sababu Prado hizi huzungusha magurudumu yote manne muda wote, na giaboksi ya otomatiki hailainishwi injini ikiwa imezimwa. Breki na usukani vitakuwa vizito sana. Kwa safari ya mbali lipia gari la kubebea. Ni bei ndogo kuliko giaboksi.

Gari likishafika, usikubali lifunguliwe siku hiyohiyo. Fundi mwenye haraka ana spana mkononi kabla hajapima chochote, na hedi ikishatolewa kuna vipimo ambavyo havifanyiki tena.

Anza na visivyogharimu kitu. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, lakini bado usiihukumu hedi. 1KZ ina kipoza oili ubavuni mwa bloku, kinachopitiwa na maji ya rejeta. Kikitoboka, oili na maji hukutana huku hedi ikiwa haina kosa. Dalili yake huonekana zaidi upande wa rejeta, kwa sababu injini ikizunguka presha ya oili huwa juu kuliko ya maji: utakuta utando mzito unaonata kwenye mdomo wa rejeta na kwenye chupa ya akiba. Bei ya kipoza na bei ya hedi ni mbingu na ardhi.

Kama ni otomatiki, chomoa na kijiti cha giaboksi. Mafuta yake hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta. Bomba la humo likitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na mafuta mekundu hugeuka uji wa pinki, kisha tabaka la klachi za ndani linaanza kubanduka. Jambo hilo peke yake linaweza kugeuza uamuzi mzima. Inasikitisha kwamba wengi huligundua hedi ikiwa imekwisha kulipiwa.

Sasa toa plagi za hita zote nne. Weka soketi kwenye bolti ya puli ya kranki na uzungushe injini kwa mkono, upande wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili. Ikienda laini, kranki haijakwama. Ikigoma mahali palepale kila mzunguko, usilazimishe; kuna kitu kimevunjika au kimepinda. Huku nyuma mtu aangalie matundu ya hita: tundu linalotema maji limekwisha kukutajia silinda.

Maji yakishatoka yote, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kupitia matundu hayohayo. Geji iwe ya dizeli, kwani ya petroli haifiki huko na itaharibika. Betri iwe imejaa na waya wa swichi ya kukata dizeli kwenye pampu uwe umechomolewa. Injini ya aina hii ikiwa na afya hupanda juu ya psi 400. Ikiwa chini ya 300, kuwaka asubuhi ya baridi ni kwa mbinde. Lakini zaidi ya namba yenyewe, tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Mbili zilizo jirani zikiwa chini na nyingine ziko sawa, gasketi imeungua katikati yake. Moja ikiwa chini kabisa, shuku valvu, ufa au pistoni. Zote nne zikiwa chini kwa kiasi kimoja, hakikisha kwanza mkanda wa taimingi haujaruka meno. Kama haujaruka, ringi zimechoka.

Kwa silinda iliyo chini kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Ipandishe pistoni yake juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, uingize hewa ya kompresa kwenye tundu la hita, kisha utulie na usikilize. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa wa hedi. Hewa ikivuma kwenye mdomo wa kumiminia oili, ni ringi au pistoni. Ikitokea kwenye ekzosi au kwenye bomba la kuingizia hewa, valvu haikai. Dakika kumi za kazi hiyo zinakuambia utafungua juu tu au hadi chini.

Kisha filta ya oili. Itoe na uikate, lakini si kwa msumeno wa chuma, maana unga wake utaingia ndani na utasoma uongo; tumia kifaa cha kufungulia makopo au mkasi wa bati. Ikunjue karatasi yake juani. Weusi ni masizi, kawaida kwa dizeli. Chembe nyeupe zinazong'aa ni alumini ya pistoni au tabaka la juu la beringi. Chembe za rangi ya shaba maana yake beringi imelika hadi tabaka la chini. Zinazovutwa na sumaku ni chuma: kranki, kamshafti au gia. Filta yenye shaba inafuta kabisa mpango wa "tubadili hedi tu", hata kama kompresheni ni nzuri.

Hadi hapa gharama ni nusu siku ya fundi, na tayari unajua zaidi ya yule aliyeanza kwa kuzungukia maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, akiuliza bei.

Linalofuata ndilo hurukwa mara nyingi: kwa nini imekufa? Injini mpya ikiwekwa mahali palepale penye chanzo kilekile itakufa vilevile. Hedi ya 1KZ inajulikana kwa kupasuka, na kwa kawaida ufa huonekana kati ya valvu mbili za silinda moja au pembeni mwa ile chemba ndogo ya kuwashia dizeli. Chemba hizo hupata moto mkali, na njia za maji zilizo karibu nazo ni nyembamba. Maji yakipungua kidogo tu, hapo ndipo panapoungua kwanza. Lakini kupasuka ni mwisho wa safari ndefu iliyoanzia kwenye rejeta.

Simama mbele ya gari na umulike tochi. Prado iliyokaa kwenye vumbi huwa na tope lililogandamana kati ya rejeta ya eisii na rejeta ya maji, mahali ambapo mpira wa maji wa car wash haufiki hata siku moja. Itoe rejeta, ioshwe kutoka nyuma kwenda mbele, na ipimwe mtiririko wa ndani. Kama imezibwa na kutu ya maji ya bomba, afadhali mpya. Halafu shika feni kwa mkono injini ikiwa baridi na uizungushe: klachi ya feni inayozunguka kwa urahisi kama haijashikwa na kitu imemwaga mafuta yake ya silikoni na haivuti upepo unaohitajika mlimani.

Thamostati nayo. Hapa kwetu ipo imani kwamba kuitoa kunapoza injini, na mafundi wengi huitoa bila hata kumwambia mwenye gari. Kwenye injini hizi thamostati ina kazi mbili: kufungua njia ya kwenda rejeta, na kuziba njia ya mkato inayorudisha maji moto ndani ya injini. Ikitolewa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare gari linatembea na ubaridi, dizeli haiungui vizuri. Kwenye mlima kama Kitonga, na mzigo juu, linachemsha. Ukikuta nyumba ya thamostati ni tupu, huenda umempata muuaji.

Geji ya dashibodi nayo inadanganya kwa upole. Mshale wa Toyota hizi hukaa katikati kwa joto la kiwango kipana. Ukianza kupanda, joto limeshapita mahali pazuri. Na maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye mvuke na mshale unaweza hata kushuka. Kengele ya kupungua kwa maji, ile inayofungwa kwenye hozi ya juu, inagharimu kidogo mno ukilinganisha na hedi. Ifungwe wakati wa matengenezo, iwe sehemu ya bili.

Kabla ya kuchagua njia, ingia chini ya gari. Binafsi naona chesisi ndiyo inayoamua, injini inafuata. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja limekula chumvi, na kutu ya hapo haianzi mahali unapopaona. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia sehemu zinaposhikia mikono ya nyuma hadi juu ya ekseli. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Chesisi iliyooza hapo haistahili injini ya aina yoyote.

Mbele, kagua bolujointi za chini, yale maungio ya duara yanayoshika magurudumu. Kwenye J90 na Surf zake zimeelekezwa vibaya kimaumbile: uzito wa gari unazivuta zitoke badala ya kuzikandamiza zikae, kwa hiyo zikichoka zinachomoka na gurudumu linalala. Ukiona uchezaji wowote, ziingie kwenye bajeti leo, na usinunue za bei chee. Nusa mafuta ya giaboksi pia: mekundu na safi ni salama, meusi yenye harufu ya kuungua ni bili nyingine inayokusubiri.

Basi, njia.

Kama sehemu ya chini ya injini ni nzima (filta safi, kranki inazunguka laini, hewa haitokei kwenye mdomo wa oili), njia ninayoipendekeza karibu kila mara ni hedi mpya juu ya bloku yako mwenyewe. Si hedi ya mtumba. Hedi ya mtumba ya 1KZ ina umri uleule wa yako na huijui ilichemsha mara ngapi. Kuchomelea ufa wa alumini pia ni kununua muda tu: mahali palipochomelewa hulainika, na joto la chemba litapafungua tena. Zipo hedi mpya zisizo za Toyota zinazotengenezwa kwa ajili ya injini hii, na nzuri zake zinafanya kazi vizuri. Nunua kwa muuzaji anayekuandikia risiti yenye jina la mtengenezaji, kisha hata hiyo mpya ipelekwe kupimwa kwa presha na maji ya moto kabla ya kufungwa. Mpya yenye tundu la kiwandani si jambo la ajabu.

Uliza vizuri unauziwa nini. Hedi tupu inakuja bila valvu, springi wala kamshafti. Vya zamani vinahamishwa, na valvu lazima zisagwe upya kwenye viti vyake na nafasi zake zipimwe. Hedi kamili ni ghali zaidi, lakini ukijumlisha kazi ya kuchonga na valvu mbilitatu zilizoharibika, tofauti hupungua sana.

Juu ya bloku weka rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kisha pima kila pistoni imechomoza juu ya bloku kwa kiasi gani ikiwa juu kabisa. Gasketi ya 1KZ huuzwa kwa unene tofauti, wenye alama za mikato pembeni, na unene sahihi hutokana na kipimo hicho. Fundi anayekuambia "gasketi ni gasketi, bosi" amekuonyesha sababu ya hedi kufunguliwa tena baada ya miezi michache. Nyembamba mno, pistoni inakaribia hedi. Nene mno, kompresheni inashuka na gari linakuwa gumu kuwaka.

Bolti za hedi hufungwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwanza kwa spana ya torki kisha kwa digrii. Kazi hiyo huzivuta zikarefuka, kwa hiyo nunua mpya. Hedi ikiwa nje badilisha mkanda wa taimingi pamoja na aidola yake, pampu ya maji, thamostati, hozi zote na mifuniko ya rejeta. Nozo zote nne zipelekwe kwa fundi wa pampu zipimwe kabla ya kurudishwa. Nozo inayochuruzika dizeli badala ya kuipuliza huunguza pistoni na chemba, na ni miongoni mwa sababu za hedi kupasuka zisizohusiana kabisa na maji. Oili ni karibu lita saba na filta mpya. Kwenye rejeta weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya kisima yamalizikie kwenye bustani.

Kama chini kumeharibika, hesabu inabadilika, na hapa ndipo watu wanapotofautiana.

Kufanya ovahoo (kufungua injini yote na kuitengeneza upya) ni kuzuri kama unalo duka la kuchonga unaloliamini na spea za kweli. Kranki inapimwa kila shingo kwa maikromita, na ikichongwa beringi zinashuka saizi, 0.25 au 0.50. Silinda zinapimwa juu, katikati na chini, kwa sababu huliwa zaidi juu. Tatizo ni kwamba bei halisi haijulikani mpaka vipimo vitoke. Mtu anayekupa bei ya jumla ya ovahoo kabla hajafungua anakisia, na makisio hayo hupanda tu, hayashuki. Halafu kuna usafi. Beringi zikisagika, chembe zake huingia kwenye kila njia ya oili, ikiwemo kipoza na turbo. Njia za kranki na bloku zizibuliwe kwa burashi na kuoshwa kwa presha. Kipoza cha oili kitupwe, hakioshiki. Ovahoo nyingi zinazonoki tena zimeuawa na chembe za injini ya kwanza zilizobaki ndani ya kipoza.

Injini ya mtumba, zile zinazoshuka kutoka Japani au Dubai, ina mvuto wa haraka: siku tatu au nne na gari linatembea. Ubaya wake ni kwamba unanunua historia ya mtu usiyemjua. Ukiamua hivyo, ikague ikiwa sakafuni. Fungua kifuniko cha oili na utazame chini kwa tochi: tope jeusi zito linaeleza mtu ambaye hakuwa akibadilisha oili. Chungulia matundu ya maji kama yana kutu. Pitisha jicho kwenye ungio la hedi na bloku. Silikoni iliyobubujika au bolti zenye alama mpya za soketi maana yake imewahi kufunguliwa. Sisitiza kompresheni ipimwe hapohapo kwa stata na betri, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ifunguliwe. Muuzaji akikataa kufungua sampu, maduka yapo mengi.

Hakikisha pia inaendana. 1KZ-T ya zamani ina pampu isiyo ya umeme; 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta. Za mwishomwisho zina intakula (kipoza hewa ya turbo) juu ya injini, na nyaya zake hazifanani na za mwanzo. Sampu na mauntingi za Surf na Prado pia zinaweza kutofautiana, kwa hiyo usitupe cha zamani mpaka kipya kiwe kimewaka. Nunua ikiwa kamili: pampu, turbo, altaneta, stata, na ikiwezekana wayaringi na kompyuta yake. "Waranti" ya madukani mara nyingi ni ya kuwaka tu. Basi iandikwe kwenye risiti: namba ya injini, siku za kurudisha, na nani atalipa gharama ya kuishusha. Kabla haijapanda garini badilisha mkanda wa taimingi, sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji na thamostati. Ikiwa sakafuni kazi hizo ni za saa chache. Ikishapanda, sili ya nyuma peke yake inataka giaboksi ishushwe.

Kuna wanaoondoa kabisa 1KZ na kuweka 3L au 5L, dizeli nyingine za Toyota, kwa kuwa hazina turbo wala kompyuta. Zinavumilia kweli. Lakini zitabeba gari linalokaribia tani mbili kwa nguvu ndogo zaidi, na kwenye mlima utabadilisha gia huku malori yakikusubiri. Bado kuna mauntingi, nyaya, na mnunuzi wa baadaye atakayetaka punguzo. Kwa gari la shambani sawa. Kwa safari ndefu, hapana.

Hesabu yenyewe ifanywe kwenye karatasi kabla ya kufungua, na iwe na namba tatu: bei ambayo gari likiwa zima linauzika kweli (si bei ya tangazo), bei ambayo mtu angelilipa leo likiwa limekufa, na bili. Tuseme zima ni milioni 20 na lilivyo ni milioni 8. Tofauti ni milioni 12. Hedi na vitu vyake ni milioni 6, bolujointi na mengine milioni 2, ongeza asilimia 30 ya yasiyotarajiwa: milioni 10.4. Iko chini ya 12, tengeneza. Lakini kama chini kumekwenda na kazi ya injini ni milioni 10, na yale mengine 2, pamoja na asilimia 30 inakuwa milioni 15.6. Ukilitengeneza ili uliuze, umepoteza milioni 3.6.

Kama ni la kubaki nalo, swali ni jingine: ukiliuza kwa 8 na kutotumia ile 15.6, una milioni 23.6 mkononi. Je, kwa hela hiyo unapata gari la ukubwa huo unaloliamini kuliko hili, ambalo unajua kila kilichobadilishwa? Wakati mwingine jibu ni hapana, hasa kwa kuwa Tanzania inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Ila fedha ulizokwisha kutumia mwaka jana kwenye matairi na springi zisiingie kwenye karatasi hiyo. Zimekwenda.

Na kama fedha haijatimia, usifungue. Gari lililofungwa lina wanunuzi wengi kuliko lenye hedi kwenye buti na bolti ndani ya ndoo. Silinda zilizo wazi hushika kutu kwa wiki chache za mvua, panya hula nyaya, na vitu vidogovidogo huhama kwenda magari mengine. Ukilazimika kusimama katikati, paka oili kwenye kuta za silinda, ziba kila tundu kwa plastiki, na uchukue nozo na turbo ukaziweke nyumbani.

Ukiamua kuuza lilivyo, toa taarifa ya vipimo ulivyofanya pamoja na namba zake. Mnunuzi fundi hulipa zaidi kwa "silinda ya tatu, ufa wa hedi, sehemu ya chini ni nzima" kuliko kwa "linahitaji matengenezo madogo", maneno ambayo kila mtu anajua tafsiri yake. Kuuza spea mojamoja kunaleta hela nyingi zaidi kwa jumla, lakini kunataka uwanja, miezi, na moyo.

Makubaliano na fundi yaandikwe kwa hatua: kufungua na kupima ni bei hii, kisha tunasimama na kuzungumza. Nani ananunua spea. Vya zamani vyote vinabaki kuwa vyako mpaka mwisho, vikiwa kwenye boksi. Picha zipigwe kwa kila hatua, hasa alama za taimingi kabla mkanda haujatolewa.

Likiwaka, liache lizunguke bila mzigo kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na hita ya ndani ikiwa kwenye moto wa juu, hadi hewa yote itoke na hozi ya chini ipate joto. Kwa wiki mbili za kwanza angalia kiwango cha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kikishuka bila kuonekana tone chini, rudi gereji kabla ya mlima, si baada yake. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kilomita 500 hadi 1,000, na filta yake ikatwe pia.

Ukibadilisha hedi tu, namba ya injini haibadiliki, kwa kuwa imepigwa kwenye bloku. Ukiweka injini nyingine, kadi ya gari haiendani tena na kilichomo. Peleka risiti ya ununuzi na taarifa ya ukaguzi TRA, au NTSA kwa Kenya, namba irekebishwe, na bima nao waarifiwe. Fanya hivyo risiti ikiwa bado inasomeka na duka lililoiuza likiwa bado lipo.